Mashauri kwa Vijana: Siri ya Mwenzio Mbele ya Wasaili

Barua ya mwezi huu yatoka kwa kijana mmoja, karani wa hesabu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Jina lake na mji wake tumeviacha, na msomaji atakapofika mwisho ataona kwa nini imepasa kuviacha. Baada ya maamkizi ameandika hivi:

"Mzee wangu, shikamoo. Nimefanya kazi dukani kwa miaka mitatu. Mwezi uliopita niliitwa kwenye usaili wa kazi ya ukarani katika afisi moja kubwa ya mji wetu. Wasaili walikuwa watano. Maswali ya hesabu niliyajibu vyema. Kisha mama mmoja miongoni mwao akaniambia: 'Tueleze siku moja ulipomsaidia mfanyakazi mwenzio aliyekuwa ameelemewa na mawazo.' Nilifurahi, kwa kuwa nilikuwa na kisa cha kweli. Nikawaeleza habari za dada mmoja ninayefanya naye kazi, nikamtaja kwa jina. Nikasema kwamba mumewe alikuwa amemwacha, kwamba alikuwa akijificha ghalani akilia, na kwamba kwa majuma mawili mimi ndiye niliyefunga hesabu zake usiku, bila ya tajiri wetu kujua. Nilipokwisha, msaili mmoja aliweka kalamu yake chini. Kazi sikuipata. Hilo si kubwa. Lililo kubwa ni kwamba juma la pili yake yule dada aliingia dukani asiitikie salamu yangu, na hadi leo haitikii. Maneno niliyoyasema mle chumbani yamefika nyumbani kwao. Rafiki zangu waniambia kwamba lau ningetunga kisa cha uongo nisingefikwa na haya. Nakuuliza mambo mawili: ilinipasa nijibu vipi? Na huyu dada nimfanyeje?"

Mwanangu, marahaba. Barua yako tumeisoma mara mbili, na tumeona tuijibu hadharani, kwani swali uliloulizwa wewe waulizwa leo vijana wengi, wake kwa waume, katika mabenki, mahospitali, mashule na idara za serikali. Na wengi wao hulijibu kama ulivyolijibu wewe, wasijue kwamba wamekosea, ila kwamba wao hawakupata aliyewaletea khabari.

Kwanza yafaa tujue swali hili limetoka wapi. Wako wasemao kwamba ni udadisi tu wa wasaili, na sivyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mtaalamu mmoja wa Marekani, John C. Flanagan, alifanya kazi katika jeshi la anga la nchi yake, akitafuta njia ya kuwajua watu wanaofaa kwa kazi. Kumwuliza mtu "Wewe ni hodari?" hakuleti faida, kwani kila mtu atasema ndiyo. Ndipo wakakusanya visa vya mambo yaliyotendeka hasa: siku fulani, jambo fulani, mtu akatenda hivi, ikawa hivi. Njia hiyo aliieleza katika makala aliyoichapisha mwaka 1954. Kisha, katika miaka ya 1980, wataalamu wengine wakaiendeleza fikra hiyo katika usaili wa kazi: kila mwombaji aulizwe maswali yale yale, juu ya matendo aliyoyatenda au atakayoyatenda, na majibu yapimwe kwa kipimo kimoja. Tafiti kubwa mbili zilizokusanya tafiti nyingine nyingi, moja ya mwaka 1998 na nyingine ya mwaka 2022, zote zimeonyesha kwamba usaili wenye utaratibu wa namna hii hubashiri utendaji wa mtu kazini vizuri zaidi kuliko mazungumzo yasiyo na mpango.

Basi msaili akwambiapo "Tueleze siku moja," hataki hotuba juu ya wema. Ataka kitendo. Na akuulizapo juu ya mwenzio aliyeelemewa, apima mambo manne: je, wewe huona mwenzio anapochoka, au huona meza yako tu? Ukiona, huenda kwa adabu, au huenda kwa kelele? Wajua mpaka wako, au hujitwika kila kitu hata kazi yako ikaharibika? Na la nne, ambalo halikuandikwa katika swali lakini lasikika katika kila jibu: mtu akikuamini na aibu yake, huihifadhi?

Hili la nne ndilo lililokuangusha, mwanangu. Wewe ulidhani kwamba wakuuliza habari za yule dada, na wao walikuwa wakikuuliza habari zako. Kila neno ulilolisema juu ya ndoa yake lilikuwa neno moja pungufu juu ya kazi yako. Tena ulipomtaja jina, kila msaili alijiambia moyoni: "Mimi nikiwa mkuu wake, siku nikifikwa na dhiki, atanitaja wapi?" Hapana shaka ndipo kalamu ilipowekwa chini.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyejitwika auona mzito, na atazamaye kando auona mwepesi. Habari ya ndoa ya yule dada kwako ilikuwa kisa cha kujaza dakika mbili. Kwake ilikuwa nyumba yake, wanawe kama anao, na uso wake mbele ya jirani. Haikuwa mali yako hata uitumie kununulia kazi. Ilikuwa amana.

Kosa la pili ni lile ulilolitaja kwa fahari: kufunga hesabu zake usiku, majuma mawili, tajiri asijue. Hatuna shaka ulitaka kheri. Lakini tafakari. Hesabu zimeandikwa kwa jina la mtu asiyeziandika. Lau kungetokea upungufu, nani angeulizwa? Na tajiri, ambaye pengine angempa yule dada siku chache za kupumzika, alinyimwa nafasi ya kufanya wema huo, kwa kuwa hakujua. Wasomaji wetu wa Tanzania Bara wajue pia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizopita 50 katika majuma manne. Msaada wa kujificha usiku huficha na mzigo wenyewe, na mzigo usioonekana hapana atakayeupunguza.

Ama shauri la rafiki zako, kwamba ungetunga uongo, tunakusihi ulitupe. Msaili mzoefu hasimami kwenye kisa cha kwanza. Atauliza: "Ilikuwa mwezi gani? Mkuu wako alisema nini? Ungerudia ungebadili nini?" Kisa cha kutunga hakina mwezi wala mkuu, na mtunzi wake huanza kutapatapa. Na hata ukiwapita wasaili wote, umeingia kazini kwa mlango wa uongo, na mlango ule ule utakuwa ukiupitia kila siku ili usijulikane. Kati ya kutoa siri na kusema uongo iko njia ya tatu, nayo ni kusema kweli yako ukaiacha ya mwenzio.

Njia hiyo ina mpango ambao walimu wa mambo ya kazi huufundisha, na kwa herufi za kwanza za maneno yake ya Kiingereza huuita "nyota". Mambo yake ni manne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulitenda nini, na matokeo yalikuwaje. Hali iwe fupi. Matendo yachukue nusu ya jibu au zaidi. Matokeo yawe ya kweli, hata kama ni madogo. Jibu zima lisipite dakika mbili. Sasa tuchukue kisa kama chako, tuone mtu angekisema vipi:

"Mahali ninapofanya kazi, mwisho wa mwezi hesabu za ghala hufungwa kwa siku tatu. Mwezi mmoja niliona mwenzangu mmoja, ambaye kwa desturi ni hodari, amekosea jumla mara mbili kwa siku moja, na hakwenda kula mchana. Mimi nilikuwa upande wa risiti, yeye upande wa ghala, na kazi moja haimaliziki bila ya nyingine. Nilimwendea mezani pake wakati hapana mteja, nikamwuliza kama iko sehemu ninayoweza kumpunguzia. Sikumwuliza sababu. Akasema ameelemewa. Tukakubaliana nichukue hati za siku 10 za kwanza, naye azikague kabla ya kutia sahihi. Kisha kwa ridhaa yake tulimweleza mkuu wetu kwamba twahitaji kugawana kazi, naye akaiahirisha taarifa nyingine kwa siku mbili. Hesabu zilifungwa siku ya tatu jioni. Nilijifunza kuuliza mapema. Na tangu mwezi ule twaketi pamoja siku moja kabla ya kufunga, tukaona nani ana mzigo mkubwa."

Tazameni, vijana, mliokaa mkisoma. Hamna jina humo. Hamna mume wala machozi. Hata kwamba mwenzie ni mwanamke au mwanamume hatukuambiwa. Lakini twamjua vyema msemaji: ana macho, ana adabu, ajua hesabu, hamfichi mkuu wake, na aliyoyajifunza ameyatumia. Msaili hana haja ya zaidi ya hayo. Kijana asikariri maneno haya, kwani si yake. Ashike mpango wake, atie kisa chake.

Wengine watauliza: nitajuaje namna ya kumsaidia mtu aliyeelemewa, hata niwe na kisa cha kueleza? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza kwa watu waliofikwa na misiba mikubwa, yaani huduma ya moyo, si ya jeraha. Uliandikwa kwa ajili ya maafa, lakini mambo yake matatu yafaa hata mezani pa karani: kutazama, kusikiliza, na kumwunganisha mtu na msaada. Kutazama ni kuona mabadiliko: aliyekuwa mwepesi wa salamu amenyamaza, aliyekuwa sahihi akosea. Kusikiliza ni kuketi naye pasipo kumlazimisha aseme asilotaka kusema; na mwongozo ule waonya wazi juu ya kumshurutisha mtu kusimulia yaliyompata. Kumwunganisha ni kumfikisha kwa mwenye uwezo kuliko wewe: mkuu wa kazi, mganga, jamaa zake, mzee anayemheshimu. Wewe si mganga, wala hukuulizwa uwe mganga.

Yafaa tujue pia kwamba uchovu wa kazi si uvivu. Mwaka 2019 Shirika hilo hilo liliueleza, katika orodha yake ya magonjwa na mambo ya afya, kuwa ni hali itokanayo na shinikizo la kazi la muda mrefu lisilodhibitiwa vyema, nalo halikuuita ugonjwa. Dalili zake zilizotajwa ni tatu: kuishiwa na nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na mtu kujiona kwamba kazi yake haina tija. Basi kijana asiende mbele ya wasaili akasema, "Mwenzangu alikuwa dhaifu, mimi nikamwokoa." Hakuna msaili apendaye kusikia mtu akijipandisha juu ya mgongo wa aliyeinama.

Baada ya jibu lako tazamia maswali ya pili. Ukiulizwa, "Je, lau angekataa msaada wako?" sema kwamba ungemheshimu, ukamjulisha kwamba mlango u wazi, ukaendelea kutazama. Ukiulizwa, "Kazi yako mwenyewe ilikuwaje?" sema kweli, kama ilichelewa, sema ilichelewa na ulimwarifu nani. Ukiulizwa, "Alikuwa na tatizo gani hasa?" hapo ndipo penye mtihani. Jibu kwa upole: "Mwaniwia radhi; hilo ni lake, nami sikupewa ruhusa ya kulisema. Naweza kueleza zaidi nilivyofanya mimi." Usiogope kwamba utaonekana mkaidi. Msaili mwenye akili atakuandikia alama hapo. Na asiye na akili, ni afadhali umjue kabla hujawa chini yake.

Siri hii lakini ina mpaka, nao wapasa ujulikane katika kila nyumba. Mwenzio akikwambia kwamba ataka kujiua, au akionyesha dalili za jambo hilo, hapo hapana siri ya kuhifadhi. Usimwache peke yake. Waite jamaa zake, mfikishe hospitali, mwarifu mkuu. Mtu akikasirika nawe akiwa hai, kasirani yake ina dawa. Hata hivyo, unamwambia anayeweza kumwokoa. Wasaili watano wa kazi ya ukarani si katika hao.

Na yule ambaye hajapata kufanya kazi popote, afanyeje? Asiseme "Sina kisa" akanyamaza. Aseme wazi kwamba hajaajiriwa, kisha alete kisa cha darasani, cha madrasa, cha timu ya mpira, au cha nyumbani wakati wa maandalio ya arusi au msiba. Msichana aliyemwona mwenzake akizama kabla ya mtihani, akagawana naye masomo ya kufundishana, ana kisa kizuri kama cha karani wa miaka kumi. Na kama kweli hana, aombe ruhusa aeleze angefanya nini; mradi aseme "ningefanya", asiseme "nilifanya".

Nanyi mnaoketi upande wa pili wa meza, mna haki yenu katika barua hii. Kijana alikosea kusema. Lakini aliyeyatoa maneno chumbani hadi nyumbani kwa watu alikosea zaidi, kwani kijana alikuwa na hofu na haja, na yeye hakuwa na hofu wala haja. Yasemwayo mbele yenu hayatoki nje kwa mazungumzo ya baraza. Mkimwona mwombaji ameanza kutaja majina, mkatizeni kwa upole: "Hatuhitaji jina, endelea." Maneno matatu hayo yangemhifadhi yule dada.

Sasa, mwanangu, swali lako la pili, ambalo ndilo zito. Kazi nyingine zitatangazwa. Yule dada waonana naye kila asubuhi.

Usimwandikie barua ya simu, kwani maandishi hupitishwa mkono kwa mkono, nawe umekwisha kuona maneno yafanyavyo yakitembea. Usimvizie ghalani peke yake, ukamwongezea maneno ya watu juu ya yale aliyonayo. Mchukue mama yako, au shangazi yako, mtu mzima mwenye heshima zake, mwende nyumbani kwao kwa hodi na adabu. Huyo mtu mzima naye usimsimulie yaliyomo. Mwambie tu kwamba umemkosea mtu kwa ulimi na wataka kumwomba radhi. Mbele ya dada sema maneno machache: "Nilisema habari zako mahali nisipostahili kusema. Hukunipa ruhusa. Nimekukosea." Basi. Usianze kueleza kwamba ulikuwa ukisifu msaada wako, wala kwamba msaili ndiye aliyetoa habari. Kila "lakini" utakayoitia itaipunguza toba yako. Wala usimwambie, "Nisamehe sasa hivi." Msamaha ni mali yake, ataulipa siku atakayo, na pengine hataulipa.

Kisha kuna kazi iliyobaki, nayo haina mwisho wa mwezi. Mtu akikuuliza habari hizo, jibu, "Si zangu kuzisema," hata kama anayeuliza ajua zaidi yako. Dukani, mwamkie kama zamani, uitikiwe usiitikiwe. Hesabu zake usiziguse gizani tena. Ukiona kuna haja, uliza mchana, mbele ya watu, na kazi igawanywe kwa ujuzi wa tajiri.

Maji yakimwagika hayazoleki. Hilo twalijua wote. Lakini aliyemwaga aweza kuyazuia yaliyobaki mtungini. Siku utakapoketi tena mbele ya wasaili, na kwa idhini ya Mola siku hiyo haiko mbali, wakakuuliza swali lile lile, utakuwa na kisa cha kweli zaidi kuliko cha kwanza. Na yaliyo ya yule dada katika kisa hicho, utayaacha yakae kwake.

Wassalaam.